Viongozi wa Vijana na Funzo la Mathare

Msafiri apandaye kutoka Mombo kwa barabara ya Soni, akapita mji wa Lushoto na msitu wa Magamba, hufika Shume akiwa amejifunika koti. Huko juu baridi ni kali, ardhi ni njema, na wenyeji ni wachapa kazi. Humea huko viazi, kabichi na karoti ziliwazo Tanga na Dar es Salaam, na huota misonobari ipasuliwayo mbao. Tangu zamani Shume imejulikana kwa miti yake. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walijenga njia ya kamba za chuma iliyoteremsha mbao za mwangati kutoka mlimani hadi kituo cha reli cha Mkumbara, bondeni. Kamba zile zimekwisha kazi yake siku nyingi, lakini mali ya Shume bado huteremka bondeni. Siku hizi huteremka kwa malori.

Wala haziteremki kabichi na mbao peke yake. Vijana nao huteremka. Kijana amalizapo shule, au hata kabla hajaimaliza, hutazama kishamba cha baba yake kitakachogawanywa baina ya ndugu wengi, akaona fungu lake halitatosha hata mahali pa kujenga jiko. Basi hupanda juu ya magunia ya viazi, akaenda zake. Wako wafanikiwao, nao tunawapongeza. Wako pia walalao katika vibaraza vya masoko na kuamshwa kwa teke. Binti naye hupelekwa kutumika katika nyumba ya watu asiowajua, kwa mshahara ambao hakushauriwa. Na wale wabakiao nyumbani, siku ambazo hakuna palizi wala mzigo wa kupakia, hukaa njia panda tangu asubuhi hadi jioni wakingoja jambo litokee. Mara nyingi jambo litokealo ni pombe, bangi, kamari au mimba.

Ni rahisi kuwalaumu vijana hawa. Kila kizazi kimewalaumu watoto wake, na lawama haijapata kumlea mtu. Afadhali tujiulize swali moja lililo gumu zaidi: kijana wa miaka 15 aketiye pale njia panda, ni mtu mzima gani, mbali na wazazi wake, ajuaye jina lake, ajuaye alikolala jana, na ambaye yeye kijana angeona haya kumwangusha? Kama hakuna, basi kijana huyo hana mlezi. Na asiye na mlezi hulelewa na yeyote apitaye.

KILICHOTENDEKA MATHARE

Wako watu katika Afrika Mashariki waliojaribu kulijibu swali hili, na jibu lao walilianzia uwanjani. Lililo maarufu kuliko yote ni jibu la Mathare, mtaa wa watu maskini katika jiji la Nairobi. Mwaka 1987 Bwana Bob Munro, raia wa Kanada aliyekuwa akishughulika na mambo ya mazingira katika kazi za Umoja wa Mataifa, aliwaona watoto wakicheza kandanda kwa mpira uliofungwa kwa mifuko ya plastiki na kamba. Hawakuwa na mwamuzi wala mwalimu, na pembeni mwa uwanja wao yalikuwapo malundo ya takataka.

Mgeni mwenye moyo mwema angaliweza kuwanunulia mipira, akapiga picha, akaenda zake. Munro alifanya nao mapatano. Maana yake yalikuwa haya: ninyi mkitenda jambo, nami nitatenda jambo, msipotenda, nami sitatenda. Hivyo kikaanzishwa Chama cha Michezo cha Vijana wa Mathare, kijulikanacho kwa herufi MYSA. Vijana wakapata ligi yenye ratiba na waamuzi, lakini sharti likawekwa kwamba kila timu isafishe mtaa: itoe taka, izibue mifereji, ikate majani. Timu ishindayo mchezo ilipata alama 3. Timu imalizayo kazi ya usafi ilipata alama 6. Kwa hesabu hiyo, timu yenye mabao mengi na mikono mivivu isingeweza kutwaa kikombe.

Ndugu wasomaji, tusiipite hesabu hiyo haraka, kwa kuwa ndani yake mna elimu nzima ya malezi. Kijana wa Mathare alikuwa amezoea kuambiwa kwamba yeye ni tatizo la mji. Siku aliposhika koleo na timu yake ikaandikiwa alama, aliona mwenyewe, bila kuhubiriwa, kwamba mji ulikuwa na haja naye. Nalo bao alilolifunga Jumamosi likawa na thamani kwa sababu ya jasho alilolitoa kabla yake.

Chama kilikua. Mwaka 1992 wasichana waliingia katika ligi, jambo ambalo wazee wengi walilipinga wakisema mpira si kazi ya mwanamke. Mwaka huo huo kilitunukiwa nishani ya Global 500 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Tangu mwaka 1994 vijana wake walianza kuwafundisha wenzao habari za ukimwi, wakati watu wazima wengi walipokuwa bado wakinong'ona tu. Mwaka 1994 pia ilizaliwa timu ya Mathare United, ambayo mwaka 2008 ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya chini ya mwalimu Francis Kimanzi, ambaye naye alipitia chama hicho hicho. Miaka ya 2000 ilipoingia, wachezaji walikuwa wameshapita 10,000, na mwaka 2003 jina la chama lilipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

KIONGOZI HUZAA KIONGOZI

Lakini vikombe na nishani si kiini cha habari hii. Tukivitazama sana tutajifunza jambo lisilo sahihi, tukadhani kwamba Mathare ilifaulu kwa sababu ilibahatika kupata Mzungu mwenye huruma. Wageni wenye huruma wamepita katika nchi zetu wengi mno, na mara nyingi kazi zao zimekufa wiki ile ile walipopanda ndege. Kilichoifanya kazi ya Mathare iishi ni kwamba uongozi ulikabidhiwa kwa vijana wenyewe mapema. Wao ndio waliochagua kamati zao mtaa kwa mtaa. Wao ndio waliopanga ratiba, wakachezesha michezo ya wadogo zao na kuamua magomvi. Msichana wa miaka 16 angeweza kuwa mwamuzi, na wavulana wenye misuli wakautii mlio wa filimbi yake.

Tena utumishi huo ulihesabiwa. Kijana aliyefundisha timu ya watoto, aliyechezesha au aliyeongoza kazi ya usafi aliandikiwa alama zake mwenyewe, na wale waliotumika kuliko wenzao walilipiwa karo. Fedha hiyo ilipelekwa moja kwa moja shuleni. Uwanjani nako, mbali na kadi ya manjano na nyekundu zijulikanazo ulimwenguni kote, kulikuwa na kadi ya kijani, apewayo mchezaji aliyeonyesha uungwana kuliko wenziwe. Hivyo mtoto alijifunza kwamba kuna macho yaonayo wema wake, kama yalivyo macho yaonayo makosa yake.

Hapo ndipo tuonapo tofauti kati ya mfadhili na mlezi. Mfadhili hupimwa kwa alichotoa, na jioni ya siku ile ile hesabu yake huweza kufungwa. Mlezi hupimwa kwa watu aliowaacha nyuma yake, nayo hesabu hiyo haijulikani mpaka miaka 10 au 15 ipite. Kiongozi wa vijana ambaye baada ya miaka mitano bado ni yeye mwenye filimbi, yeye mwenye ufunguo wa sanduku la mipira na yeye mwenye kusema mikutanoni, huyo hajalea mtu. Amekusanya wasikilizaji tu.

SHUME SI MATHARE

Huenda msomaji wa Shume akasema: haya ni mambo ya mjini, sisi hatuna malundo ya taka, wala watoto wetu hawakosi mazoezi. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate angalau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Mtoto wa Shume apandaye kilima kwenda shule, akateka maji na kubeba kuni, huzimaliza dakika hizo kabla jua halijafika utosini. Miguu yake ni imara kuliko ya mtoto wa Upanga au Oysterbay. Kama haja ingekuwa misuli tu, tusingekuwa na neno la kuandika.

Ila mazoezi katika vyama hivi ni chambo tu. Kijana haji kwenye mkutano wa maadili; ukimwita, atakumbuka ana kazi ya haraka. Bali mpira ukidunda atakuja mbio, na akija mara tatu katika juma utamjua. Utajua kwamba fulani hakula, kwamba fulani ana kovu jipya, kwamba fulani ameacha shule naye hajathubutu kumwambia mama yake. Ndugu zetu wa Dar es Salaam waliounda EMIMA waliliona hilo hata katika jina, kwa maana herufi hizo zasimama badala ya Elimu, Michezo na Mazoezi, na elimu imetangulia.

Wazee wa Usambara hawakuhitaji kufundishwa jambo hili na Nairobi. Wasambaa walikuwa na gao, mafunzo waliyopewa vijana kabla ya kuhesabiwa miongoni mwa watu wazima, na walikuwa na kungwi, mtu aliyekabidhiwa kijana amwongoze. Kungwi hakuwa baba wala mwalimu wa darasa. Alikuwa mtu wa tatu, ambaye kijana angeweza kumwuliza yale asiyoweza kumwuliza baba. Leo shule imechukua mahali pa mengi ya mafunzo hayo, na kwa kusoma na kuhesabu imefanya vema. Lakini mahali pa kungwi pamebaki wazi. Kiongozi wa chama cha vijana, awe ni mwalimu wa mpira, wa mbio au wa ngumi, ndiye apasaye kupajaza.

TUKUMBUKE HABARI YA MATUTA

Hata hivyo, yako mambo mawili ya kuogopwa, na la kwanza wazee wa Lushoto walijua kuliko sisi. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianza huko Mlalo mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, na baadaye ikaueneza katika Usambara kwa jumla. Watu waliamrishwa kulima matuta katika mashamba yao, na aliyekataa alitozwa faini. Udongo ulikuwa ukimomonyoka kweli. Juu ya hilo wakoloni hawakusema uongo. Lakini mkulima hakuulizwa. Kazi ilikuwa nzito, hasa kwa wanawake, mavuno hayakuongezeka kama alivyoahidiwa, na wengi walihofu kwamba mpango ule ulikuwa hila ya kuwanyang'anya ardhi. Watu wakakataa, na kufikia mwaka 1957 mpango ukaachwa. Jambo lenye faida ndani yake lilikufa kwa sababu ya namna lilivyoletwa.

Kiongozi wa vijana asiyeijua habari hiyo ataurudia mkasa ule ule kwa sare mpya. Atakuja na ratiba aliyoiandika ofisini, atawapanga vijana mistari, atawaamrisha wakimbie na kuimba, na mgeni wa heshima akiondoka hapatakuwa na mtu uwanjani. Hapana budi vijana waulizwe kwanza: mchezo gani, saa ngapi baada ya kazi za shamba, nani awe nahodha, na adhabu ya anayechelewa iwe nini. Watu huilinda sheria waliyoitunga kuliko ile waliyobandikiwa.

Na hapa Shume yaweza kuifuata Mathare bila kuiiga kama kasuku. Mathare walihesabu alama za taka. Shume wahesabu za udongo na maji: chemchemi iliyofyekewa na kuzungushiwa miti, mfereji uliozibuliwa, miche iliyopandwa na ambayo mwaka wa pili imeonekana ingali hai, ukingo wa shamba la mjane uliotengenezwa ili mvua isiuchukue. Kazi ambayo babu aliikataa kwa kuwa aliamrishwa, mjukuu aweza kuifanya kwa hiari, kwa sababu yeye na timu yake wameichagua na alama yake itasomwa mbele ya watu wote. Hapo ndipo mchezo utakapokuwa mali ya kijiji, hata kwa bibi kizee asiyejua maana ya kuotea.

MBWA MWITU MIONGONI MWA KONDOO

La pili la kuogopwa ni kiongozi mwenyewe. Mtu apewaye watoto wa wenzake amepewa amana kubwa kuliko fedha ya benki, na si kila atakaye kupewa astahili kupewa. Wako wapendao kuwa karibu na vijana kwa nia mbaya. Wako waonao katika shida ya watoto njia ya kuandika barua kwa wafadhili, na fedha ya jezi ikawa pikipiki ya mwenyekiti. Kwa hiyo moyo mwema usitoshe kuwa cheti. Chama kiandikishwe kama sheria inavyotaka. Hesabu zake zisomwe hadharani, mbele ya wazazi na vijana, si kwa mfadhili peke yake. Asiwepo mtu mzima, awaye yote, mwenye ruhusa ya kuchukua mtoto peke yake safarini au kumlaza nyumbani kwake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamtaja mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18. Basi nahodha mwenye ndevu za miaka 17 bado ni mtoto mbele ya sheria, na mwalimu wake alijue hilo.

Jambo hili lawahusu wasichana zaidi. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, kuna chama cha Moving the Goalposts kilichoanzishwa mwaka 2001 kwa ajili ya mpira wa wasichana. Waanzilishi wake walijua kwamba msichana hawezi kuja uwanjani iwapo mama yake haamini kwamba atarudi salama, na kwamba kazi za nyumbani humngoja jioni. Hivyo walijenga chama ambacho wasichana wenyewe hupanga, hufundisha na huchezesha, na ambamo habari za mwili, hedhi, mimba na shule huzungumzwa na msichana mkubwa kwa mdogo wake, bila aibu na bila kejeli. Shume isianzishe chama cha wavulana kisha ikawakumbuka dada zao mwaka wa tano. Wasichana ndio wateremkao kwenda kutumika wakiwa wadogo, nao ndio wapotezao mengi wasipopata wa kuwaongoza.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Lipo neno moja la faraja. Walezi wa namna hii hawatokei tu miongoni mwa wenye mali. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mbio za mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, na kuiletea Tanzania nishani ya fedha huko Moscow mwaka 1980, alikuwa askari aliyelelewa na mbio. Alipomaliza kukimbia hakukaa akisimulia sifa zake tu. Alijenga shule na kuanzisha taasisi huko Kibaha kwa ajili ya kuwalea vijana wenye vipaji. Si kila mmoja wetu aweza kujenga shule. Lakini katika kila kijiji cha Shume yupo aliyekuwa golikipa wa shule yake, yupo mwanamke aliyekimbia mashindano ya mkoa, yupo aliyepita jeshini, yupo mwalimu kijana ambaye saa kumi jioni hana kazi. Hao hawajaombwa.

Basi na waombwe. Serikali ya kijiji itenge kipande cha ardhi tambarare, ijapokuwa katika milima ile tambarare ni mali adimu na kila mtu aitazama kwa jicho la viazi. Wazazi wamsamehe mtoto kazi za nyumbani kwa saa mbili mara tatu katika juma, na wafike kuona anayoyafanya. Wenye malori na wafanya biashara ya mbao, ambao utajiri wao umebebwa na mabega ya vijana hao hao, watoe mipira na wavu, nao wasidai majina yao yaandikwe kifuani mwa watoto. Wakubwa wa shamba la miti la Shume wakubali kutoa miche kwa timu itakayoitunza.

Na yule atakayeshika filimbi aanze kwa kuandika katika daftari majina ya vijana 20. Mbele ya kila jina aandike mahali kijana anapoishi, nani yuko naye nyumbani, na kama bado anasoma. Kila mwezi aisome orodha hiyo. Jina litakalokosekana uwanjani kwa juma moja, aende mwenyewe mpaka mlangoni kuuliza. Kazi hiyo haihitaji mfadhili wala gari, nayo yaweza kuanza Jumatatu. Asiyekuwa tayari kuifanya, hata akinunuliwa jezi za timu kumi, vijana hao si wake.